MAGAZIJUTO: Silaha Tuliyoiacha Kidato cha Pili

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha ndani cha vijana wa chama, Kata ya Kizota, hapa Dodoma. Wengi mliokosa nafasi mmeomba maandishi. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mbukwenyi!

Hiyo haikutoka vizuri, tena. Mbukwenyi!

Hapo sawa. Viongozi wa kata, wazee wetu mliokuja kutusikiliza, shikamooni. Makamanda wenzangu, dada zangu mliofunga genge mapema ili mje hapa, poleni na majukumu.

Mratibu aliponipigia simu alisema nije niongelee vijana na ulinzi wa rasilimali. Nikamwambia sawa, nitaongelea hisabati. Akacheka, akasema, "Kaka, utawalaza watu." Kwa hiyo nimemuahidi kitu kimoja: atakayesinzia, nitamuuliza saba mara nane.

Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Kwenye uchaguzi mmoja huko nyuma nilikuwa wakala wa chama. Kituo sikitaji, mwaka sitaji. Usiku umeingia, taa hafifu, njaa inauma, kura zimeshahesabiwa. Ikaletwa fomu ya matokeo nisaini. Mgombea wa kwanza kura 187. Wa pili 96. Wa tatu 14. Zilizoharibika 6. Jumla ya kura zilizopigwa ikaandikwa 273. Nikaitazama. Kuna kitu kikaniambia haikai sawa, lakini sikuwa na uhakika, na niliona aibu kuomba turudie mbele ya watu wazima waliokuwa wanataka kwenda kulala. Nikasaini.

Nikafika nyumbani, nikachukua simu nikajumlisha. 187 na 96 na 14 ni 297. Ongeza zile 6, inakuwa 303. Fomu inasema 273. Kura 30 hazina maelezo.

Sisemi kulikuwa na wizi. Inawezekana ni uchovu tu, mtu kaandika 7 pahali pa 0 akaharibu tarakimu nyingine. Lakini kazi yangu pale ilikuwa moja, kuuliza. Na sikuuliza kwa sababu Hisabati ya kidato cha nne nilipata F, na tangu siku ile nilijiambia hesabu si za kwangu. Tunasema tunalinda kura. Mimi nilikuwa mlinzi asiyejua kuhesabu ng'ombe wanaotoka zizini.

Basi nilivyotoka pale nikamfuata mpwa wangu, wakati huo yuko kidato cha kwanza, nikamuomba daftari lake la hesabu. Akaniuliza, "Mjomba, kwani wewe hukusoma?" Nikamwambia nilisoma, sikuelewa. Miezi minne tulikaa kwenye ngazi jioni, yeye mwalimu mimi mwanafunzi. Ninachotaka kuwaambia leo ndicho nilichokikuta kwenye lile daftari. Kwa sababu nilidhani nitakuta mambo ya maprofesa, nikakuta maisha yetu ya Kizota.

Wote tunakumbuka MAGAZIJUTO. Nani anakumbuka? Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mbili jumlisha tatu mara nne ni ngapi? Namsikia mtu anasema ishirini. Hapana kaka, ni kumi na nne. Unazidisha kwanza, tatu mara nne ni kumi na mbili, ndipo unaongeza mbili. Wenzetu serikalini wao kila hesabu wanaanza na TOA, na anayetoa ni mwananchi.

Mmecheka, vizuri, lakini hapohapo kuna mtego. Kumi toa nne jumlisha mbili ni ngapi? Ukiifuata MAGAZIJUTO kama wimbo utajumlisha kwanza, utapata nne. Si kweli. Jumlisha na toa ni ndugu wa tumbo moja, unaenda nao kutoka kushoto kwenda kulia: kumi toa nne ni sita, jumlisha mbili ni nane. Gawanya na zidisha nao hivyohivyo. Somo la kwanza ni hilo: kukariri wimbo si kujua. Na hilo ni kwetu sisi pia wa majukwaani.

Sasa tuingie kwenye daftari. Muhtasari tuliousomea sisi, kidato cha kwanza unakuta namba, sehemu, desimali na asilimia, vipimo, kukadiria, aljebra, uwiano, faida na hasara, mizingo na maeneo. Kidato cha pili unakuta vipeo, milinganyo, pembetatu na yule mzee Pythagoras, seti, takwimu. Nachukua machache.

Asilimia. Hapa Kizota tunaishi na maghala na mashine za alizeti, lumbesa hatuhitaji kuelezwa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia lizidi kilo 100. Sasa chukua mzee wetu ana kilo 1,200 za mahindi, tuseme bei ya gunia ni 70,000. Akipima kwa haki ana magunia 12, anapata 840,000. Mnunuzi akimjazia lumbesa la kilo 120, magunia yanakuwa 10, anapata 700,000. Zimepotea 140,000. Ni hasara ya asilimia ngapi?

Wengi mnasema ishirini, kwa kuwa gunia limezidi kwa kilo 20. Siyo. Mzee alistahili 840,000, amepoteza 140,000, gawanya, ni asilimia 16 na ushee. Lakini mnunuzi katoa 700,000 akapata mzigo wa 840,000, yeye kafaidi asilimia 20. Pesa ni ileile, asilimia ni mbili tofauti, inategemea unaanzia kwa nani. Mkishika hilo moja tu leo, sijapoteza muda wenu. Kila mtu akikutajia asilimia, muulize: asilimia ya nini?

Kwa mfano, mtu akisimama akasema ufaulu umepanda kwa asilimia 25. Ulikuwa ngapi? Ulikuwa 20 katika mia, sasa ni 25 katika mia. Kutoka 20 kwenda 25 ni kweli nyongeza ni robo ya ile ya mwanzo, hajadanganya. Lakini watoto 75 katika mia bado wameanguka. Usipojua asilimia utampigia makofi.

Uwiano. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Huo ni uwiano wa 4:4:2, ukiurahisisha ni 2:2:1, hesabu ya kidato cha kwanza kabisa. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya CAG kuonyesha kasoro, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Tuseme halmashauri imekusanya bilioni 10. Asilimia 10 ni bilioni moja. Fungu la vijana ni milioni 400. Sasa jiulizeni, ni wangapi kati yetu tumewahi kumuuliza diwani: mwaka huu makusanyo ni kiasi gani, fungu letu lilikuwa ngapi, limetoka ngapi? Maswali matatu tu, mawili ya kusoma, moja la kutoa. Tunalalamika vijiweni kwamba mikopo wanapeana wao kwa wao. Inawezekana ndivyo. Ila lalamiko lisilo na namba, mtendaji analijibu kwa kukutakia siku njema.

Maeneo. Dodoma hii ya viwanja. Umeuziwa kiwanja cha mita 20 kwa 30, hizo ni mita za mraba 600, tuseme kwa 8,000 kila moja. Umelipa milioni 4 na laki 8. Ukienda na futi yako unakuta urefu ni 25, siyo 30. Eneo ni 500, umelipia 100 ambazo hazipo, laki nane zimeondoka. Urefu mara upana. Fundi wetu wa ujenzi, hata kama aliishia la saba, anajua kona ya msingi anaipata kwa kamba: futi 3 huku, futi 4 kule, mshazari ukisoma 5 kona ipo sawa. Huyo ni Pythagoras, fundi anamtumia kila siku bila kumjua jina.

Aljebra. Hii ndiyo tuliyokuwa tunaichukia, tunauliza eksi tutaikuta wapi mtaani. Madogo wa bodaboda, mko hapa? Ninyi kila jioni mnapeleka nini kwa tajiri? Hesabu! Mnaiita hesabu wenyewe. Haya, tuseme pikipiki dukani ni 2,800,000 na umechukua ya mkataba, hesabu ni 10,000 kwa siku. Itachukua siku ngapi kulipa bei ya dukani? Eksi ni hizo siku. 10,000 mara eksi ni sawa na 2,800,000. Eksi ni 280. Sasa soma mkataba wako: umeandikwa siku 400. Siku 120 za juu, karibu miezi minne, jua na mvua, ni za tajiri. Sisemi tajiri ni mwizi, ametoa mtaji na anabeba hatari ya pikipiki kuibiwa. Ila ungeijua ile 120 kabla ya kusaini, ungeweza kusema, bosi tufanye 360. Eksi ni ile sehemu ambayo mwenzako anaijua na wewe huijui.

Takwimu. Wastani. Ukiambiwa kwa wastani kila shule ina walimu watatu wa hisabati, fikiria shule mbili: ya mjini ina sita, ya kijijini haina hata mmoja. Sita jumlisha sifuri, gawanya kwa mbili, ni tatu. Wastani ni wa kweli na mtoto wa kijijini hajawahi kumuona mwalimu. Hesabu haidanganyi, ila mtu anaweza kujificha nyuma yake, na wa kumtoa huko ni anayejua wastani unapatikanaje.

Nimalize daftari hapo. Sasa swali: kama ni mambo ya gunia, kiwanja na pikipiki, kwa nini tunaanguka? Matokeo ya kidato cha nne ya 2021 na 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja kati ya watano. Hawa ni watoto wa nchi nzima. Huwezi kuniambia wanne kati ya watano hawana akili.

Na kata yetu hii ina kumbukumbu yake. Novemba 2012, chama tawala kilifanya Mkutano Mkuu wake hapa hapa, Ukumbi wa Kizota. Wakati wanapiga makofi, watoto wa kidato cha nne walikuwa ndio wametoka kwenye mtihani. Matokeo yakatoka Februari 2013: kama sita kati ya kumi walipata sifuri. Ikaundwa tume na Waziri Mkuu, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Alama zikapanda. Kuelewa kulipanda? Mtoto ambaye hajui asilimia, ukimbadilishia gredi bado hajui asilimia.

Kwa maoni yangu sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni ile ngazi kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza. Mtoto wa shule ya msingi ya kawaida amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anajua namba tasa, anajua kigawe kidogo cha shirika, anajua kipeuo. Likizo moja tu, Januari anaambiwa kila kitu kimebadilika jina, na hesabu za mafumbo zinakuja kwa Kiingereza. Wanampa wiki chache za maandalizi ya lugha, halafu safari inaanza. Mimi nilikuwa najua kutafuta faida na hasara tangu la sita. Kidato cha kwanza niliona swali la duka la Bwana Juma nikashindwa, si kwa sababu ya hesabu, nilishindwa kujua Juma amenunua au ameuza. Nikaandikwa mjinga wa hesabu kwa kosa la Kiingereza.

Na hili si jipya. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Mzee Jackson Makweta, mwaka 1982, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili. Haikutekelezwa. Tunaweza kubishana humu ndani, wengine mnataka Kiingereza kianze mapema, wengine Kiswahili kiendelee juu. Mimi msimamo wangu ni kwamba mtoto asibadilishiwe lugha na hesabu siku moja. Chagueni njia mmoja, lakini msimuache mtoto katikati ya daraja.

Ya pili ni pesa na walimu. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa miaka mingi imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinashuka shuleni. Mwaka wa masomo una siku kama 194. Gawanya. Ni kama shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Nendeni dukani na shilingi 31 mkaombe pipi. Hiyo ni hesabu ya sehemu na desimali, darasa la tano, na ni hoja kubwa kuliko hotuba nzima ya matusi.

Na jambo hili liko mbele yetu, lishikeni sana. Kwa mabadiliko ya sera, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Kwa utaratibu uliotangazwa, mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani watamaliza pamoja. Maana yake Januari 2028 kidato cha kwanza kinapokea makundi mawili kwa mpigo. Shule ya kata iliyozoea kupokea 200 itapokea 400. Kwa watoto 50 kila darasa, ni vyumba 8 badala ya 4. Kama mwalimu wa hisabati ni mmoja na kila mkondo una vipindi vitano kwa wiki, anatoka vipindi 20 anakwenda 40, kwa kidato cha kwanza peke yake. Serikali inasema inajiandaa. Sawa. Sisi kazi yetu ni kwenda shule yetu ya kata tukahesabu vyumba, tukahesabu walimu, tukatoa. Wingi wa kinachohitajika, toa kilichopo, ni sawa na kinachodaiwa. Tuanze sasa, tusingoje 2028 tuje kupiga kelele watoto wameshakaa chini ya mti.

Ya tatu ni woga, na hapa tusimlaumu mtu wa mbali. Ni sisi. Ni kaka anayemwambia mdogo wake "ukoo wetu hatuna kichwa cha hesabu". Ni fimbo kwa aliyekosea ubaoni, mpaka mtoto anajifunza kunyamaza. Na anayejifunza kunyamaza ubaoni atanyamaza kwenye mkutano wa mtaa, na atasaini fomu usiku kama mimi.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu, madogo, yasiyohitaji ruzuku ya makao makuu.

Moja, kila tawi lianzishe jioni mbili kwa wiki za hesabu. Wapo humu waliopata C na B, msijifiche. Tukae na wadogo zetu wa la saba mpaka kidato cha pili, tuwafundishe kwa Kiswahili wakaelewe, kisha tuwape lile neno la Kiingereza la mtihani. Watoto wa kila mtu, hata wa balozi wa chama kile. Na siku hizo pasiwe na bendera wala siasa. Mtoto asigeuzwe mtaji.

Mbili, hakuna wakala atakayepewa barua bila kufanya jaribio. Jumla tano, asilimia mbili, na fomu moja yenye kosa alitafute. Mimi nitakuwa wa kwanza kukaa kwenye dawati.

Tatu, tuanze na sisi wenyewe. Mweka hazina wa kata asome mapato na matumizi kila mwezi, kwa sauti, mbele ya wanachama. Michango ilikuwa ngapi, imetumika ngapi, imebaki ngapi. Hatuwezi kuidai halmashauri hesabu wakati ya kwetu ya viti na maji ya kunywa haijulikani. Namuona mweka hazina anaangalia chini. Usiogope dada, tutakusaidia kujumlisha.

Makamanda, kutunga sheria kunataka wabunge wengi ambao hatuna. Kuhesabu hakutaki kibali cha mtu. Hakuna polisi wa kuja kutawanya watu watano waliokaa kwenye mkeka na daftari la kidato cha kwanza.

Mpwa wangu wakati tunamaliza lile daftari aliniwekea swali, nami nawaachia kama kazi ya nyumbani. Bidhaa dukani ni 11,800, na ndani yake kuna VAT ya asilimia 18. Kodi yenyewe ni shilingi ngapi? Atakayeniletea 2,124, namrudisha akasome tena nilichosema juu ya asilimia ya nini. Aliyepata 1,800, kesho jioni aje na chaki. Tuna watoto wa kufundisha.